Kwa nini Carlyle alimwazima Mill nakala pekee ya mswada wake?

#1 Mwana wa Karani
Habari za jioni wanajukwaa.

Kuna kisa cha waandishi wa Kiingereza wa zama za Malkia Victoria ambacho kimenikaa kichwani wiki nzima. Mwaka 1835 Thomas Carlyle, Mskoti aliyehamia London mwaka mmoja tu kabla, alikuwa amemaliza juzuu ya kwanza ya historia yake ya Mapinduzi ya Ufaransa. Miezi mitano ya jasho. Fedha nyumbani zinaelekea ukingoni. Maandalizi yake ya kazi ameshayachana, maana ndiyo ilikuwa tabia yake. Nakala ya mswada ni moja tu duniani. Akaichukua hiyo hiyo moja akamwazima rafiki yake John Stuart Mill, aisome na kumpa maoni.

Jioni ya tarehe 6 Machi, Mill anabisha hodi Cheyne Row, Chelsea, uso umempauka, hawezi hata kusema sawasawa. Mswada umeteketea. Mtu wa nyumbani aliuona ni karatasi taka, akawashia moto. Vimebaki vipande vichache vya kurasa.

Swali langu ni hili. Carlyle hakuwa mtu mzembe. Kwa nini alitoa nakala pekee? Ilikuwa desturi yao, ufukara, au kuna jambo sisi wa leo hatulioni? Naomba tujadili kwa kina. Nina sababu yangu ya kuuliza, nitaisema baadaye.

#2 Kibaraza cha Ngamiani
Nakaa hapa hapa. Endeleeni.

#3 Fundi Wino
Mkuu, jibu ni jepesi kuliko unavyodhani. Kunakili kulikuwa kazi. Mashine za kuchapa za Remington zimeanza kuuzwa 1874, karibu miaka 40 baadaye. Mashine ya James Watt ya kunakili kwa kugandamiza karatasi mbichi ilikuwapo tangu 1780, lakini hiyo ni ya barua za ofisini, wino ukiwa bado haujakauka. Mtu aliyeandika juzuu nzima kwa mkono akitaka nakala ya pili, ama anakaa wiki kadhaa anaandika upya neno kwa neno, ama analipa karani. Carlyle hakuwa na wiki hizo wala fedha ya karani.

#4 BintiMlalo
Fundi Wino, umeeleza kwa nini nakala ilikuwa moja. Hujaeleza kwa nini ilitoka nyumbani. Hayo ni mambo mawili. Mwenye kuku mmoja ndiye anayemfungia bandani mapema.

#5 Mwalimu Mstaafu
Salaam wote. Sahihisho dogo kabla hatujaenda mbali. Victoria amerithi kiti Juni 1837. Mwaka 1835 Uingereza ilikuwa chini ya William IV. Kwa hiyo mswada umeungua kabla ya zama za Victoria, na kitabu kimetoka 1837, mwaka ule ule alioingia. Najua wengi huwaweka Carlyle na Mill kwenye kundi la Victoria na hawakosei, kwa sababu kazi zao nyingi ziko huko. Ila tarehe tuzitunze.

#6 Mwana wa Karani
Shikamoo Mwalimu. Nimepokea sahihisho.

BintiMlalo umegusa penyewe. Swali ni kwa nini ilitoka mlangoni.

#7 Jembe la Uyui
Ilitoka kwa sababu Mill alikuwa na haki nayo. Watu wengi wanakiruka kipande hiki. Mill mwenyewe ndiye aliyewahi kuwa na nia ya kuandika juu ya Mapinduzi ya Ufaransa. Akaiacha, akamkabidhi Carlyle vitabu vyake alivyokusanya. Carlyle hakuwa na maktaba ya kwake ya Kifaransa, alikuwa anakula kwenye sahani ya Mill. Sasa mtu amekupa shamba na mbegu, mavuno ya kwanza yanatoka, utamwambia asubiri sokoni kama wengine? Unampelekea. Ni adabu.

#8 Mpenda Kurasa
Jembe la Uyui ahsante, hilo la vitabu ni kweli na ni zito. Lakini hata Mill angekuwa hajampa kitabu kimoja, ningetegemea mswada uende kwake. Maoni ya rafiki ndiyo yalikuwa mhariri wa wakati ule. Mchapishaji alikuwa anapokea kazi, anaipiga chapa, anauza. Kazi ya kukwambia sura ya tatu imelala, au mhusika huyu haeleweki, ilikuwa ya marafiki.

#9 Zena wa Stendi
Nauliza kwa wema tu, ni mswada au muswada? Maana muswada najua ni ule wa bungeni.

#10 Fundi Wino
Zena, wa bungeni wengi wanauandika muswada, wa kitabu mswada. Hata wa bungeni ukiachwa jikoni utawashia mkaa vizuri tu.

#11 Nyali Usiku
Turudi kwenye moto. Nani aliuchoma? Mimi nilivyosoma, Mill alimpelekea Bi Harriet Taylor, yule mama aliyekuwa na mume wake lakini Mill akampenda miaka mingi hadi wakaja kuoana 1851. Inasemekana mtumishi wa Bi Taylor ndiye aliyeuchukua. Jioni ile Mill alipofika kwa Carlyle, Bi Taylor alikuwa amekaa nje kwenye gari la farasi. Jane, mke wa Carlyle, alipomwona Mill na ule uso, wazo lililomjia kwanza ni kwamba wametoroka pamoja na wamekuja kuaga.

#12 Mwalimu Mstaafu
Nyali, hapo twende polepole. Habari ya Bi Taylor kuwa nje ni kweli. Lakini kwamba moto ulikuwa nyumbani kwake si jambo lililofungwa. Mill alifariki 1873, na mwaka huo dada yake, naye akiitwa Harriet, alimwandikia Carlyle kuhusu tukio hilo. Kumbukumbu yake ilikuwa kwamba kosa ni la kaka yake mwenyewe: alichanganya karatasi za Carlyle na karatasi taka za kutumika jikoni, hapo hapo nyumbani kwa akina Mill. Alikumbuka walivyotafuta na kaka yake alivyohangaika. Carlyle kwa upande wake alikuwa ameelewa miaka yote kwamba ilitokea kwa Bi Taylor. Watu wawili waliohusika, miaka 38 imepita, kila mmoja na nyumba yake.

#13 Nyali Usiku
Dada mtu hawezi kuwa anajaribu kumsafisha yule mama?

#14 Mwalimu Mstaafu
Dada zake Mill hawakuwa na sababu kubwa ya kumpenda Bi Taylor, ndoa ile iliitenga familia. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito kwangu. Tena kuna barua ya Mill mwenyewe, siku chache baada ya tukio. Carlyle, kwa ukarimu wa ajabu, alikuwa tayari kumpa sehemu nyingine ya mswada aisome. Mill akasema yeye asipewe, bali apewe Bi Taylor, kwa kuwa mikononi mwake hautapata madhara. Kama mswada wa kwanza umeungua nyumbani kwa mama huyo, ungemwandikia hivyo mwenye mali?

#15 Jembe la Uyui
Ungeweza kuandika hivyo kama unamlinda. Mill alikuwa na sababu zote za kubeba lawama yeye ili jina la mwanamke lisiingie. Barua hiyo mimi inanipeleka upande wa pili kabisa.

#16 Mama Kandili
Nimesoma yote kimya. Niwaambie la kwangu.

Mwaka 1994 nilikuwa nimeandika hadithi, madaftari manne ya kurasa 96, kwa kalamu ya bluu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, umeme hatuna, nikiandika kwa kandili watoto wakishalala. Nikampa mwenzangu tuliyefundisha naye asome. Akahamishwa kituo. Madaftari akayaacha kwa shemeji yake anipe. Shemeji akayaweka chini ya kitanda. Msimu wa karanga ukafika. Nilikuja kuliona jina la mhusika wangu kwenye karatasi iliyokunjwa pembe, ina karanga za kukaanga za shilingi kumi, mkononi kwa mtoto wa darasa la pili. Nikamwomba ile karatasi. Ninayo mpaka leo, upande mmoja una mafuta.

Kwa hiyo mnapomzungumzia yule mtumishi, mimi simlaumu. Yeye aliona karatasi, na karatasi ina kazi yake. Wa kulaumiwa ni aliyeiacha pasipo pake.

#17 BintiMlalo
Pole sana Mama Kandili. Hiyo karatasi moja itunze.

#18 Kibaraza cha Ngamiani
Mama, ulimsamehe yule mwenzako?

#19 Mama Kandili
Tulisameheana. Alilia kuliko mimi. Ndiyo maana habari ya Carlyle inanigusa. Mill alikaa pale saa nyingi usiku ule, mpaka ikawa Carlyle na mkewe ndio wanaomtuliza yeye. Alipoondoka, Carlyle alimwambia mkewe kwamba maskini Mill ameumia sana, tujitahidi asijue kwetu jambo hili ni kubwa kiasi gani. Hilo nalifahamu. Unameza chako ili mwenzio asizame.

#20 Fundi Wino
Na Mill akataka kulipa pauni 200. Carlyle akapokea 100, akisema ndiyo gharama ya kuishi kwa muda uliopotea. Akajaribu kuandika upya ikagoma, akaacha kwa wiki kadhaa akawa anasoma riwaya nyepesi za baharini. Baadaye akarudi mezani, na kufikia Septemba juzuu ile ilikuwa imesimama tena. Kitabu chote alikimaliza Januari 1837. Halafu Mill ndiye aliyekiandikia tahakiki ya sifa kubwa kilipotoka.

#21 Mpenda Kurasa
Napenda alivyoandika kwenye shajara yake, kwamba ni kama mwalimu asiyeonekana amelichana daftari lake na kumwambia: hapana kijana, kaandike vizuri zaidi.

Lakini nataka niwatoe Chelsea kidogo. Tukibaki kwa Carlyle tutadhani kuazimana miswada ni kuhusu kuungua tu. Mwangalieni Charlotte Brontë na ndugu zake kule Haworth, Yorkshire. Wao hawakuazimana, walisomeana. Saa tatu usiku kazi za kushona zinawekwa kando, wanaanza kutembea kuizunguka meza ya sebuleni, huku na huku, kila mmoja anaeleza hadithi yake imefika wapi, mara nyingine anasoma alichoandika, wenzake wanakosoa. Elizabeth Gaskell ameyaandika hayo kwenye kitabu chake juu ya maisha ya Charlotte, 1857. Emily akafa Desemba 1848, Anne Mei 1849. Charlotte aliendelea kutembea usiku kwenye chumba kile kile, peke yake. Mtumishi wao wa ndani alikuwa anasikia zile nyayo na moyo unamuuma.

Huyo ndiye msomaji wa mswada anayetafutwa. Akiondoka, unabaki unazunguka meza.

#22 Zena wa Stendi
Umeniliza jamani.

#23 Kalamu ya Ziwa
Habari kutoka Bujumbura. Mpenda Kurasa umesema kweli lakini umeiacha nusu chungu. Kabla ya kusomeana mashairi kulikuwa na ugomvi. Majira ya vuli 1845 Charlotte aliokota daftari la mashairi la Emily akalisoma bila ruhusa. Emily alikasirika mno. Ilichukua saa nyingi kumtuliza na siku kadhaa kumshawishi kwamba mashairi yale yanastahili kuchapishwa. Ndipo Anne naye akatoa ya kwake taratibu. Mwaka 1846 kikatoka kitabu cha mashairi ya wote watatu chini ya majina ya Currer, Ellis na Acton Bell, kwa fedha zao wenyewe. Mwaka ukapita, nakala zilizonunuliwa ni mbili.

Kwa hiyo hata ndani ya nyumba moja, mswada una mlango na mlango unabishwa hodi.

#24 Nyali Usiku
Mbili tu? Na leo watu wanasafiri hadi Haworth kuiona ile meza.

#25 Jembe la Uyui
Narudi kwenye hoja ya kusomeana. Mimi nadhani wenye akili walijifunza kwamba mswada usitembee, watembee watu. Charles Dickens mwaka 1844 alikuwa anaishi Genoa, Italia. Akaandika The Chimes, hadithi yake ya Krismasi. Akafunga safari katikati ya baridi hadi London, na mwanzoni mwa Desemba akawasomea marafiki nyumbani kwa John Forster, 58 Lincoln's Inn Fields. Daniel Maclise alikuwapo, akachora mchoro wa jioni ile: Dickens mezani na mng'ao kichwani kama mtakatifu, wengine wanalia, wengine wameshika vichwa. Unajua nani mwingine alikaa pale? Carlyle! Miaka tisa baada ya moto. Mimi huwaza alikuwa anafikiri nini akizitazama zile kurasa zikiwa salama mikononi mwa mwenyewe.

#26 Mwalimu Mstaafu
Mfano mzuri, lakini si kweli kwamba Dickens alikuwa anasoma tu bila kuachia. Alimwonyesha Edward Bulwer-Lytton sura za mwisho za riwaya yake Great Expectations mwaka 1861 zikiwa bado hazijatoka kwa wasomaji. Bulwer-Lytton akamsihi abadili mwisho, Pip na Estella wasiachane kwa ubaridi vile. Dickens akabadili. Mwisho wa kwanza tunaujua kwa sababu Forster aliuhifadhi na kuuchapa baadaye kwenye kitabu chake juu ya maisha ya Dickens. Mpaka leo wasomaji wanagombana upi ni bora. Mimi niko upande wa ule wa kwanza, na nasema wazi kwamba rafiki yule aliharibu.

#27 BintiMlalo
Mwalimu, mimi niko upande wa pili. Ukungu unapopanda pale mwishoni na wale wawili wameshikana mikono, mwandishi hajakuahidi ndoa. Ni sentensi ya shaka. Rafiki alimsukuma, lakini Dickens ndiye aliyeandika.

#28 Mwalimu Mstaafu
Binti, hilo tutalifungulia uzi wake, hapa tutakesha.

#29 Dereva wa Mikumi
Na yule mshairi Lord Byron je? Yule si walichoma kumbukumbu zake zote? Huyo naye wa zama za Victoria.

#30 Fundi Wino
Byron kafa Aprili 1824, Victoria hata miaka mitano hajatimiza. Ila kisa ni cha kweli. Kumbukumbu zake alimpa Thomas Moore, Moore akawasomesha watu kadhaa, na nakala nyingine ikatengenezwa. Mei 1824 marafiki na wawakilishi wa familia wakakutana kwa mchapishaji John Murray, Albemarle Street, wakazitia motoni zote, mswada na nakala. Hapo ndipo hoja yangu ya #3 inapata mushkeli, nakiri. Kuwa na nakala mbili hakukumsaidia.

Umesema moto, nikukumbushe unaotugusa huku. Richard Burton, yule aliyepita Zanzibar na kufika Ziwa Tanganyika 1858 pamoja na Speke. Alipofariki Trieste 1890, mkewe Isabel aliuchoma mswada wa tafsiri aliyokuwa anaifanyia kazi. Hakutaka usomwe.

#31 Kalamu ya Ziwa
Burton huyo huyo mswada wake kuhusu Zanzibar ulipotea njiani ukielekea Uingereza, ukaja kuonekana Bombay baada ya miaka. Kitabu kikatoka 1872. Posta ilikuwa bahari.

#32 Mvita Kongwe
Hodi hodi. Mwataja Zanzibar na London, na Mombasa je? Wakati wa Victoria huyo huyo, huku kwetu mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyekufa karibu na 1840, hayakuwa na kitabu. Yalikuwa vifuani mwa watu, mengine kwenye karatasi kwa herufi za Kiarabu. Akaja mmishenari Mwingereza, William Taylor, akafanya kazi na Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Sikujua ndiye aliyeyakusanya kwa wazee, akayaandika na kuyafafanulia. Makaratasi yale yako London hivi sasa, chuo cha SOAS. Kitabu cha Diwani ya Muyaka kikaja kuchapwa 1940, karne nzima baada ya mwenyewe.

Nalisema hili kwa sababu BintiMlalo kasema mwenye kuku mmoja humfungia. Kwetu shairi lililofungiwa lilikufa. Lililoombwa, likanakiliwa, likasomwa harusini, hilo ndilo lililofika. Kila aliyeazima alirudisha na yeye amebaki na lake.

#33 BintiMlalo
Mzee Mvita, nimeinama. Sina jibu la haraka.

#34 Mpenda Kurasa
Hoja ya Mvita Kongwe ina mwenzake kule kule Uingereza. Gerard Manley Hopkins, padri Mjesuti. Alipoandika shairi refu juu ya meli Deutschland iliyozama Desemba 1875, jarida la Wajesuti wenzake lilikataa kulichapa. Baada ya hapo mashairi yake aliyatuma kwa barua kwa marafiki wachache tu, hasa Robert Bridges. Bridges hakuyaelewa yote, la Deutschland lilimchosha na alimwambia hivyo. Lakini kila karatasi iliyofika aliibandika kwenye albamu. Mengine aliyanakili kwa mkono wake kwenye daftari, akampelekea Hopkins arekebishe. Hopkins akafa Dublin 1889, hajulikani. Bridges akayachapa 1918, nakala 750. Hopkins mwenyewe hakuwa mtunzaji. Asingeyatoa nyumbani, tusingekuwa na Hopkins.

Posta nayo ilisaidia. Tangu 1840 barua ya nusu aunsi ilikwenda kokote Uingereza kwa peni moja. Kabla ya hapo mpokeaji ndiye aliyelipa, tena kwa umbali. Kumtumia rafiki mashairi manne ilikuwa ni kumtwisha deni.

#35 Jembe la Uyui
Basi tuna kanuni mbili zinazogongana: ya Mill na ya Bridges. Rafiki yule yule, mlango ule ule.

#36 Dereva wa Mikumi
Na yule aliyezika mashairi na mkewe? Nilisikia redioni nikiwa safarini.

#37 Nyali Usiku
Dante Gabriel Rossetti. Mkewe Elizabeth Siddal alifariki Februari 1862, akaliweka daftari la mashairi ndani ya jeneza, kwenye nywele zake. Oktoba 1869 akaruhusu kaburi la Highgate lifukuliwe usiku ili daftari litolewe. Yeye mwenyewe hakwenda, alimwachia rafiki yake Charles Augustus Howell. Karatasi zilikuwa zimeloa na zina matundu. Baadhi ya mashairi yakachapwa 1870. Kabla ya kuchapisha alipiga chapa nakala za majaribio akawagawia marafiki waseme.

#38 Fundi Wino
Nakala za majaribio ndilo jibu la kifundi walilolipata. Mshairi Tennyson alifanya hivyo kwa shairi lake refu In Memoriam, 1850. Kundi dogo la nakala likaenda kwa marafiki kwanza. Na alikuwa na sababu. Mwaka huo huo aliusahau mswada wenyewe, daftari refu jembamba kama la hesabu za muuza nyama, kwenye kabati la nyumba aliyopanga London. Alimwandikia Coventry Patmore akautafute. Mama mwenye nyumba hakutaka kumruhusu, Patmore akaingia hivyo hivyo akautoa. Miaka 17 ya kazi, kabatini kwenye vyakula.

#39 Mama Kandili
Kabatini kwenye vyakula. Wanangu, karatasi na jiko hazijawahi kuachana.

#40 Mwana wa Karani
Wakuu, niliahidi sababu yangu.

Marehemu baba alikuwa karani wa mahakama. Alipostaafu aliandika kwa miaka sita, juu ya kijiji chetu na watu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Daftari moja kubwa la leja, kwa penseli. Alikuwa na rafiki yake, mzee mmoja tuliyemwita Baba Mdogo ingawa si ndugu wa damu, ndiye aliyekuwa anasomewa kila Jumapili barazani. Baba amefariki mwaka jana. Juzi Baba Mdogo kanipigia, anaomba leja akae nayo kwake mwezi mmoja aimalize, kwa sababu baba alifariki kabla ya kumsomea sehemu ya mwisho. Ana haki kuliko mimi. Lakini nyumba yake imejaa wajukuu na wanapikia kuni. Sijalala.

#41 Zena wa Stendi
Piga picha kila ukurasa kwa simu, umpe nakala.

#42 Mwana wa Karani
Nimejaribu Zena. Penseli imefifia na karatasi imekuwa kahawia, picha inatoka kivuli. Mimi mwenyewe maneno mengi siyasomi. Baba Mdogo ndiye anayeujua mwandiko.

#43 Fundi Wino
Piga mchana karibu na dirisha, taa ya simu izime, mwanga uje kutoka ubavuni. Penseli huonekana zaidi hivyo. Halafu ongeza utofauti wa weusi na weupe kwenye programu ya picha. Usibanwe na ukurasa mmoja, piga mara tatu tatu.

#44 Mvita Kongwe
Mwanangu, usimpe na usimnyime. Mlete. Aje akae kwenye kiti alichokaa, asome kwa sauti, wewe uandike. Utakuwa Sikujua.

#45 BintiMlalo
Na baraza ni ile ile. Mimi hapa nasimama na Mzee Mvita.

#46 Jembe la Uyui
Mimi nasema umpe. Aliyesomewa Jumapili miaka sita si mtu wa kuwekewa mlinzi. Funga kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku la bati, mwambie wazi hofu yako. Carlyle hata baada ya moto alikuwa tayari kumpa Mill kurasa nyingine. Hilo lina maana.

#47 Mama Kandili
Jembe, nakuheshimu, ila wewe hujawahi kuiona sura yako kwenye karanga. Mwanangu, mlete mzee nyumbani. Umpikie.

#48 Mwana wa Karani
Nimempigia sasa hivi. Amekubali kuja Jumamosi asubuhi, anasema atakuja na miwani mbili. Ameniuliza kama kile kiti cha kamba bado kipo. Kipo. Ahsanteni nyote.

#49 Kibaraza cha Ngamiani
Tuletee mrejesho Jumapili.

#50 Nyali Usiku
Heri tupu. Ila Mwalimu, mimi bado nasema moto ulikuwa kwa Bi Taylor.

#51 Mwalimu Mstaafu
Nami bado nasema jikoni kwa akina Mill. Hiyo barua ya Mill niliyoitaja #14 isome tena, kisha uje.